ALAMA ZA KAZI MIKONONI MWA MABAHARIA

Mtaa wa Mbotela uko upande wa mashariki wa Nairobi, na kutoka hapo mpaka maji ya chumvi ni safari ya maili 300 hivi. Walakini jina lake limetoka pwani, na kwa kweli limetoka baharini. Mtaa huo ulijengwa na Halmashauri ya Jiji katika miaka ya 1950, ukaitwa hivyo kwa ukumbusho wa Tom Mbotela, aliyekuwa Makamu wa Rais wa chama cha KAU, aliyeuawa Nairobi mwezi wa Novemba, 1952. Jamaa ya Mbotela ni watu wa Freretown, Kisauni, karibu na Mombasa, kijiji kilichoanzishwa na Misioni ya C.M.S. katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliowekwa huru. Mtu wa jamaa hiyo, Bwana James Juma Mbotela, aliandika kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kilichopigwa chapa mwaka 1934. Humo alieleza jinsi baba yake na wenziwe walivyochukuliwa utumwani, na jinsi walivyookolewa na manowari ya Waingereza.

Basi na tufikiri habari za mtu aliyetolewa katika jahazi la watumwa akapandishwa manowarini zamani hizo. Amezungukwa na watu wengi wa sura ngeni, wote wamevaa nguo za rangi moja. Lakini angetazama sana mikono ya nguo zile, angeona kwamba si wote walio sawa. Huyu ana nanga, yule ana mzinga mdogo uliotariziwa kwa uzi, na mwingine hana kitu. Picha hizo ndizo tunazotaka kuzieleza leo, maana wako watu wengi ambao wamepata kuona mabaharia katika magwaride au katika picha za vita, wakadhani kwamba alama zile ni mapambo tu, au kwamba zote ni vyeo.

Katika vyombo vyetu vya pwani hapakuwa na haja ya alama za namna hiyo. Jahazi lina nahodha, lina serahangi, lina mshika usukani, lina mpishi na mabaharia wake, nao labda ni watu ishirini au thelathini. Wamekula sinia moja tangu kusi mpaka kaskazi. Usiku wa giza nahodha akisikia kikohozi hujua ni cha nani. Manowari kubwa ni jambo jingine kabisa, kwa sababu huchukua watu mia kadhaa, na zile kubwa sana za karne ya ishirini zilichukua zaidi ya elfu moja, nao walihamishwa kila mara kutoka meli hii kwenda ile. Ofisa angeweza kusafiri mwaka mzima na mtu bila kulijua jina lake.

Ajabu ni kwamba hata Waingereza walikawia sana kuwavika mabaharia wao nguo moja. Maofisa walipewa mavazi rasmi tangu mwaka 1748, lakini mabaharia wa kawaida hawakuamriwa sare mpaka mwaka 1857. Kabla ya hapo walivaa nguo walizonunua melini, au walivyopenda kapteni wao. Yasimuliwa kwamba kapteni wa manowari iitwayo Harlequin, jina la mchekeshaji wa michezo ya kuigiza, aliwavika watu wa mashua yake mavazi ya mchekeshaji yule yule. Sijui kama wao walicheka.

Alama zilitangulia sare. Mwaka 1827 wakuu wa manowari za Uingereza waliamuru kwamba wasimamizi wa mabaharia wavae alama katika mkono wa kushoto. Hao si maofisa. Ni watu waliopanda kutoka miongoni mwa mabaharia wenyewe. Wa daraja la kwanza walipewa nanga yenye taji juu yake, na wa daraja la pili nanga peke yake. Mwaka 1849 zikaongezwa tepe za mwenendo mwema, nazo pia zilivaliwa mkono wa kushoto. Tepe hizi hazikuwa cheo, na watu wengi hukosea hapa, kwa kuwa katika jeshi la nchi kavu mwenye tepe tatu ni sajini. Baharia mwenye tepe tatu aweza kuwa hana cheo chochote. Maana yake ni kwamba ametumika miaka mingi bila kufanya kosa kubwa. Kwa muda mrefu kipimo kilikuwa miaka 3 kwa tepe ya kwanza, 8 kwa ya pili, na 13 kwa ya tatu, wala hapakuwa na ya nne. Kila tepe ilimletea mwenyewe peni moja zaidi kwa siku, na akifanya uovu tepe huondolewa, na peni yake nayo huenda zake.

Mpaka hapo mkono wa kuume ulikuwa mtupu. Jambo lililoujaza ni kukua kwa ufundi. Zamani manowari ilikwenda kwa tanga, na mizinga yake ilikuwa mirija mizito ya chuma iliyosukumwa kwa kamba, hata ilidhaniwa kwamba baharia ye yote aweza kuitumia. Mwaka 1830 shule ya mizinga ilianzishwa Portsmouth katika meli iitwayo Excellent, na waliofaulu humo walionekana kuwa watu wa namna mpya: si wasimamizi, lakini wanajua jambo ambalo wenzao hawalijui. Je, watatambulikanaje? Kwa hiyo, tangu mwaka 1860 hivi, walipewa alama ya mzinga. Kisha likaja topedo, yaani kombora liendalo ndani ya maji, na wenye kulisimamia wakapata picha yake. Mwanzoni mwa karne ya ishirini ikaja simu isiyo na waya, na wapiga simu wakapewa mabawa yaliyopitiwa na umeme wa radi.

Hivyo ikawa desturi: mkono wa kushoto husema cheo cha mtu na miaka yake, na mkono wa kuume husema kazi anayoijua. Mambo hayo mawili yalitengwa, na kwa maoni yangu hapo ndipo palipo na akili katika mpango mzima. Mtu aweza kuwa mdogo kwa cheo na mkubwa kwa ufundi, na kila mmoja amwone hivyo bila kuuliza. Tena ufundi ulikuwa na ngazi zake. Picha peke yake ilikuwa ya mwanafunzi aliyefaulu. Nyota ikiongezwa, amepanda. Mizinga miwili iliyopitana ilimpita mwenye mmoja. Na taji juu yake ilikuwa ya mtu awezaye kuwafundisha wengine. Kila hatua ilikuwa na nyongeza ya mshahara, kwa hiyo picha ile ya uzi ilikuwa pia chakula cha watoto nyumbani.

Picha nyingine ni rahisi kufahamu. Watu wa mitambo walivaa rafadha, lile panga liisukumalo meli kwa nyuma. Wapeleka ishara walivaa bendera mbili zilizopitana. Mzamiaji alivaa kofia ya chuma ya mzamiaji, na mwuguzi alivaa msalaba mwekundu. Lakini kwa makarani, wapishi na watunza stoo, walioamua mambo hawakupata picha. Wakawapa nyota yenye herufi ya Kiingereza katikati, W kwa karani, C kwa mpishi, S kwa mtunza stoo. Mimi naona walipungukiwa na fikira. Mzinga huufahamu hata asiyejua kusoma, na mwiko ungalifahamika vile vile. Lakini herufi C haimwambii neno mtu ambaye hajafika shuleni.

Rangi nazo zilikuwa na maana yake. Katika vazi la sherehe alama zilitariziwa kwa uzi wa dhahabu. Katika vazi la buluu la kila siku zilikuwa nyekundu. Katika vazi jeupe la nchi za joto, lile lililoonekana zaidi Mombasa, Dar es Salaam na Unguja, zilikuwa za buluu.

Watu wetu waliingia katika meli hizo mapema kuliko wengi wanavyodhani. Manowari zilizowinda majahazi ya watumwa zilikuwa na makao Unguja, na tangu mwaka 1874 mpaka 1883 meli kubwa iitwayo London ilitia nanga huko kama ngome. Kazi hiyo ilikuwa na hatari, na kapteni wa London mwenyewe, Charles Brownrigg, aliuawa mwezi wa Desemba, 1881, katika kupigana na jahazi la watumwa. Katika meli hizo waliandikwa Waafrika wa mwambao, wengi wao watu waliokombolewa utumwani, nao Waingereza waliwaita Masidi. Yasemekana asili ya neno hilo ni lile la Kiarabu la heshima, sayyidi, yaani bwana wangu. Heshima yake ilibaki katika jina tu. Masidi walipewa kazi ya makaa na tanuri, mahali ambapo joto liliwaangusha wazungu, na kazi ya mashua za kukimbiza majahazi. Waliandikwa katika orodha ya peke yao, kwa mshahara mdogo kuliko wa wazungu, na aliyewasimamia aliitwa tindali. Mzungu aliyeanza na koleo la makaa aliweza kupanda daraja moja baada ya jingine katika mitambo. Msidi alipofika utindali alikuwa amefika ukingoni. Meli ikirudi Ulaya, yeye alilipwa na kuachwa pwani akingoje nyingine.

Hapa naomba ruhusa ya kutoka baharini kidogo. Wazee waliohamia Mbotela, na Makongeni kwa watu wa reli, wote walipata kujua alama nyingine ya kazi. Tangu mwaka 1920 hivi mpaka 1947 kila mwanamume wa Kiafrika katika Kenya aliyetoka kwao kwenda kazini alilazimishwa kuchukua kipande, nacho kilitiwa katika kikebe cha chuma, na wengi walikivaa shingoni kwa kamba. Humo mliandikwa jina lake, alama za vidole vyake, bwana aliyemwajiri, mshahara wake, siku aliyoanza na siku aliyoachishwa. Kipande kilieleza mtu ni wa nani. Mzinga au rafadha mkononi mwa baharia ilieleza anajua nini. Fundi seremala na mchimba mtaro walivaa kikebe kile kile, na askari aliyewasimamisha njiani hakuwa na njia ya kuwatenga mpaka afungue na kusoma. Haikuwa ajabu basi kwamba kipande kilichukiwa, na ya kwamba watu hao hao walijivunia tepe na beji walizopata jeshini.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili bahari ilisogea karibu nasi zaidi. Mwezi wa Aprili, 1942, ndege za Wajapani zilipiga Colombo, na baadaye manowari za Uingereza za Mashariki zikahamishiwa Kilindini chini ya Admirali Sir James Somerville. Meli yake kubwa ilikuwa Warspite. Mombasa ilijaa mabaharia, na kila namna ya alama niliyoitaja ilionekana Barabara ya Kilindini. Katika shule ya Allidina Visram, ambako vijana walikuwa wakisoma hesabu, wataalamu waliketi kusikiliza simu za Wajapani na kuzifumbua siri zake.

Vita hivyo vilikuwa na alama moja ambayo napenda kuieleza zaidi, kwa sababu maisha ya watu wetu yalitegemea masikio ya walioivaa. Ilikuwa picha ya chusa, ule mkuki wa kuchomea papa na nyangumi, nayo ilivaliwa na wasaka nyambizi. Nyambizi ni manowari ipitayo chini ya maji, wala jicho haliioni. Mtu mwenye chusa alikaa melini amevaa visikizio. Chombo chake kilipeleka mlio chini ya maji, na mlio ukigonga kitu kigumu hurudi kama mwangwi wa mlimani. Kwa kuhesabu muda wa kurudi kwake, alijua kitu kiko umbali gani; kwa kusikiliza kama mwangwi umepanda au umeshuka, alijua kama kinakuja au kinakwenda. Kisha alipaswa kutambua kama ni chuma, au ni kundi la samaki tu.

Kando ya barabara ya Jogoo, si mbali na Mbotela, kuna soko liitwalo Burma, jina la nchi ambako askari wetu walipigana. Wote waliokwenda huko walipitia bahari ya Hindi. Mwezi wa Februari, 1944, meli tano za abiria ziliondoka Kilindini kwenda Colombo, nazo zililindwa na manowari. Moja iliitwa Khedive Ismail. Ilichukua watu zaidi ya 1,500, na miongoni mwao walikuwamo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi wanawake. Tarehe 12 Februari, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iitwayo I-27 iliipiga kwa topedo mbili. Meli ilizama kwa dakika zipatazo mbili. Waliokuwa vyumba vya chini hawakupata hata nafasi ya kupanda ngazi. Walikufa watu 1,297.

Manowari mbili, Petard na Paladin, zilirudi kuitafuta nyambizi ile. Ilikuwa imejificha chini, karibu na mahali pale pale waliponusurika walipokuwa wakiogelea na kushika mbao. Mabomu ya kuzamishwa yalitupwa huku watu wangali majini, maana nyambizi ikiachwa hai zingefuata meli nyingine nne zilizojaa askari. Hukumu ya namna hiyo ni ya kapteni. Msikilizaji hutoa habari tu. Lakini twaweza kufahamu uzito wa habari yenyewe. Akikosea, akaita kundi la samaki kuwa chuma, watu wameuawa bure. Mwishowe I-27 iliibuka juu ya maji, Paladin ikaumia katika kutaka kuigonga, na Petard ikaizamisha kwa topedo. Katika hesabu ya vita ulikuwa ushindi. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki ilifika barua tu, na kaburi halikuwapo.

Jeshi la majini la nchi hizi lenyewe lilianza kidogo. Mwaka 1933 liliundwa jeshi la akiba la wanamaji la Kenya, la watu wa kujitolea. Vita vilipokuja Tanganyika na Unguja nazo zilikuwa na wanamaji wao, na Waafrika wengi waliandikwa kufanya kazi ya kufagia mabomu ya baharini na kulinda milango ya bandari. Mwaka 1946 lilipata meli iitwayo Rosalind, mojawapo ya meli ndogo zilizopewa majina ya watu wa michezo ya Shakespeare. Baada ya mwaka 1950 nguvu za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja ziliunganishwa, likawa Jeshi la Majini la Kifalme la Afrika Mashariki, na makao yake yalikuwa Mombasa. Uganda ilichangia ingawa haina bahari, jambo ambalo wengine waliliona la kuchekesha. Wenye kukaa kando ya ziwa lao hawakucheka. Jeshi hilo lilivunjwa mwaka 1962, nchi hizi zilipokuwa zikishika njia zake mbalimbali.

Mwezi wa Desemba, 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru, Jeshi la Majini la Kenya lilizinduliwa na Rais Jomo Kenyatta, na mwaka 1966 zikafika meli zake tatu za doria zilizotengenezwa Uingereza: Simba, Chui na Ndovu. Maofisa wa Kiingereza waliendelea kuliongoza mpaka mwaka 1972, aliposhika uongozi Mkenya wa kwanza, Jimmy Kimaro. Hapo ndipo mgeni aliyezoea desturi za manowari hushangaa. Kimaro aliitwa Meja, cheo cha nchi kavu. Kenya iliamua kwamba askari wake wa bara, wa angani na wa baharini wawe na majina ya vyeo yanayofanana, na mpango huo haukubadilika: mkuu wa Jeshi la Majini la Kenya huitwa Meja Jenerali, wala si Admirali. Basi msomaji akiona katika gwaride la Jamhuri ofisa mwenye vazi jeupe la baharini akiitwa Kanali au Brigedia, asidhani mtangazaji amekosea.